Kwani Sisi Wagonjwa?

Nusu fainali ya netiboli ya shule, robo ya tatu, matokeo 23 kwa 2, mpira uko mikononi mwa binti wa kaka yangu.

Anacheza GS, mfungaji. Mrefu kuliko wenzake wote, na akishasimama chini ya goli huwa hakosi, yaani hata nyumbani anarusha limau kutoka mlangoni na linaingia kwenye beseni. Siku hiyo akakosa. Aliurusha mpira kama mtu anayetupa ganda la ndizi dirishani, ringi hata hakuitazama. Wenzake wakamrudishia, akakosa tena vilevile. Mara ya tatu mpira ukadakwa na GD wa wapinzani, beki wao wa golini, binti mwembamba aliyevaa sweta la shule chini ya jezi maana baridi ya Uyole, Mbeya, mwezi wa sita haina adabu, na badala ya kuutoa kwa wenzake waanze kushambulia akamnyooshea GS wetu palepale.

"Funga. Funga vizuri bwana. Kwani sisi wagonjwa?"

Refa akapuliza filimbi, kwa sababu kwenye netiboli ukikaa na mpira zaidi ya sekunde tatu ni kosa, na yule binti alisimama kaunyoosha mpaka watu wakaanza kucheka. Mama wa maandazi pembeni ya kiwanja akapiga kigelegele. Binti wa kaka akageuka kumwangalia mwalimu wake wa michezo, na mwalimu akamwonyesha kiganja kama alivyokuwa anamwonyesha tangu robo inaanza: taratibu, inatosha.

Kwenye bajaji tukirudi Mafiati akaniuliza, "Shangazi, kumwonea mtu huruma ni kumtukana?"

Nikamwambia ngoja nifikirie. Wiki zimepita, bado nafikiria, nimeona bora niandike.

Jibu la haraka

La haraka lipo: mwalimu kafanya ustaarabu. Mmeshashinda na kila mtu anajua mmeshinda, ya nini kuendelea kuwaaibisha watoto wa watu? Baba mmoja aliyekaa jirani yangu alisema kabisa, huyu mwalimu ana utu.

Ila wahenga waliposema mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni, hawakusema mnyonge asinyongwe. Walisema apewe haki yake. Sasa haki ya timu inayofungwa 23 kwa 2 ni ipi hasa?

Hapo ndo nilipokwama.

Kuna mwanafalsafa anaitwa Nicholas Dixon, mwaka 1992 aliandika kuzitetea timu zinazoendelea kufunga hata kama mshindi ameshajulikana. Anasema kufungwa magoli mengi siyo kudhalilishwa, labda kama wewe unaamini thamani ya mtu inahesabiwa kwa magoli. Yaani ukisema "tuwaachie, wataaibika", wewe ndo umeshakubali kwamba aliyefungwa 40 ni mtu pungufu kuliko aliyefungwa 10. Kudhalilisha ni kitu kingine, ni kumcheka mtu, kumkejeli, kumringia, na hayo hayahitaji magoli mengi, hata ukishinda 1 kwa 0 unaweza kuyafanya vizuri tu.

Niliposoma hoja hiyo nikasema sawa kabisa, halafu nikawakumbuka wale watoto, darasa la sita na la saba, wengine walikuja kwa miguu asubuhi ukungu haujaisha, na robo ya pili nilimwona mmoja anajifuta machozi kwa mkono wa sweta huku bado anakimbia. Haya, mwambie huyo kwamba thamani yake haihesabiwi kwa magoli. Labda atakuelewa akifika chuo.

Kwa hiyo kichwa kinakubali, moyo unagoma.

Anayezuga

Mimi mwenyewe nilicheza netiboli shuleni, WD, beki wa pembeni, kwa hiyo naomba niuseme huu mchezo kidogo. Ukiuangalia kwa akili ya kawaida ni usumbufu mtupu. Unataka mpira uingie kwenye ringi, sawa, kwa nini ringi iwe juu mita 3.05 na isiwe na ubao wa kugongeshea? Kwa nini ukishika mpira usikimbie nao? Kwa nini beki akitaka kukuzuia usifunge asimame mbali sentimita 90 na mikono juu badala ya kuupokonya tu yaishe? Na kwa nini kati ya watu saba wawili tu ndo wanaruhusiwa kufunga?

Bernard Suits, aliyefundisha falsafa Kanada, alisema mchezo wowote ndo uko hivyo: watu wanajiwekea vikwazo visivyo na ulazima wowote, kwa hiari yao, kwa sababu bila vikwazo hivyo hakuna mchezo. Halafu akawapanga watu wanaouharibu. Kuna anayeiba, huyu ushindi anautaka ila sheria hazitaki. Kuna mvurugaji, hataki sheria wala ushindi. Na kuna mmoja tunamsahau sana, anafuata sheria zote vizuri kabisa ila kushinda hataki. Yupo yupo. Anazuga.

Huyu wa tatu refa hana filimbi yake.

Binti wa kaka hakuvunja sheria yoyote siku ile. Aliyepigiwa filimbi ni yule GD, ambaye kwa dakika ile alikuwa mtu pekee uwanjani anayecheza netiboli. (Sentensi hiyo niliifuta nikairudisha. Naiacha.)

Hebu mfikirie GD kazi yake ni nini. Ni kumfanya mfungaji akose. Kasimama sentimita zake 90, kanyoosha mikono, anaruka kila mpira ukitoka mkononi. GS akikosa kwa sababu ya ile mikono, GD kapata kitu, hata kama kwenye daftari imeandikwa 23. Sasa GS akiamua kukosa mwenyewe ile mikono ni ya nini? Na kibaya zaidi, kama kuna mpira mmoja siku hiyo ambao GD aliuzuia kweli kwa jasho lake, umeshachanganyika na ile ya kugawiwa, hawezi tena kuujua.

Hilo lilinikaa sana. Tulidhani tunampunguzia kitu kumbe kuna kitu tunachukua.

Hasira yake iliona nini

Tumezoea kuziongelea hisia za michezoni kama uchafu. Tulia, usipaniki, weka hasira pembeni, cheza. Na ni kweli Seneca, yule Mrumi, alishasema kwamba mpiganaji wa uwanjani analindwa na ufundi wake na hasira inamwacha wazi, na sisi tuliomwona Zidane akimpiga mtu kichwa Berlin mwaka 2006 hatuhitaji kukumbushwa.

Lakini Aristotle alianza na swali tofauti. Yeye aliuliza mtu akikasirika anakuwa ameona nini. Jibu lake: ameona dharau, amefanyiwa yeye au wa kwake, na haistahili. Kwa hiyo hasira siyo moto wa tumboni tu, ndani yake kuna madai. Na dharau yenyewe aliieleza kwamba ni kumchukulia mtu au jambo lake kuwa si kitu. Wanafalsafa wa miaka ya karibuni kama Robert Solomon wakakaza zaidi, kwamba hisia ni hukumu, ukikasirika umeshatoa hukumu juu ya kilichotokea, na kama hukumu nyingine yoyote unaweza kuwa umepatia au umekosea.

Sasa yule binti alihukumu kwamba anadharauliwa, tena kwa kuonewa huruma.

Je, alipatia?

Nikampigia mwalimu

Tunafahamiana, huwa anakuja kutoa fotokopi za mitihani dukani kwangu. Nikamwambia mwalimu, ile huruma yako ya siku ile imenikosesha usingizi.

"Huruma ipi dada?"

Ya wale watoto wa nusu fainali, uliposema wasifunge.

Akacheka mpaka akakohoa. "Dada, fainali ilikuwa saa tisa mchana. Kila goli mpira unarudi kati watoto wanaanza kukimbia upya. Nilikuwa nawatunza."

Ebo.

Yaani mimi nahangaika na falsafa ya huruma na huruma yenyewe haikuwepo. Yule baba aliyesifia utu alisifia hesabu za mwalimu. Mama wa maandazi alipigia kigelegele ugomvi juu ya kitu ambacho hakipo. Na GD je, naye alikosea?

Mwanzoni nilisema ndiyo. Alihukumu kwamba wanachukuliwa kama wagonjwa, na hakuna aliyewachukulia hivyo, basi hukumu imeanguka. Ila usiku nikirudia maneno ya Aristotle nikaona hapana, dharau ni kumchukulia mtu si kitu, sasa timu imeamka alfajiri, imetembea, imevua viatu vya shule imevaa raba za kuazimana, halafu nusu fainali yao imegeuzwa muda wa kupumzika wa mechi ya wengine. Hiyo ni nini kama siyo kuchukuliwa si kitu? Huruma angalau inakutazama usoni. Hapa hata kutazamwa hawakutazamwa.

Alikosea sababu, kosa lenyewe aliliona sawasawa.

Walker bila Bayi

Akhwari, yule wa marathoni ya Mexico 1968, sitamtaja, kila mwalimu wa michezo Tanzania anaanza naye na kumaliza naye. Namtaka Filbert Bayi, mkimbiaji wetu, na hasa mtu aliyekuwa nyuma yake.

Christchurch, tarehe 2 Februari 1974, mita 1500 za michezo ya Jumuiya ya Madola. Bayi alikamata mbele tangu mwanzo kama ilivyokuwa kawaida yake, na John Walker wa New Zealand akamfukuza mbele ya watu wa kwao. Bayi akamaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi ya dunia. Walker 3:32.52. Rekodi ya zamani ya Jim Ryun ilikuwa 3:33.1, imekaa tangu 1967. Kwa hiyo aliyeshindwa naye alikimbia chini ya rekodi ya dunia, ila siku hiyo alikuwa wa pili.

Robert Simon, Mmarekani aliyeandika sana juu ya maadili ya michezo, anasema mashindano mazuri ni watu wanaotafuta ubora pamoja kwa kukubali kubanana. Nilikuwa nayaona maneno ya mahubiri mpaka nilipoziangalia hizo saa mbili zikiwa zimepangwa pamoja. Bayi alimvuta Walker, Walker akamsukuma Bayi, na hakuna hata mmoja aliyemwonea mwenzake huruma kwa mita moja.

Halafu ikaja Montreal 1976. Nchi za Afrika zikagoma kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, Tanzania nayo haikushiriki, Bayi hakukimbia. Walker akachukua dhahabu ya mita 1500, halali kabisa, na mpaka leo ikitajwa kuna mtu lazima aulize ingekuwaje kama Bayi angekuwepo. Mpinzani hakuwepo, na kutokuwepo kwake kumeng'ang'ania ile medali karibu miaka hamsini.

Kwetu huku mfano upo pale Ubaruku, Mbarali. Novemba 2022 Yanga wamekuja na mechi 49 za ligi bila kupoteza, Ihefu wakawapiga 2 kwa 1. Watu wa huku walivyoshangilia mnajua. Ukubwa wote wa siku ile umetoka wapi? Kwa Yanga kuitaka kweli ile ya 50. Wangekuja kutalii kwenye mashamba ya mpunga, Ihefu wangepata pointi tatu na stori hakuna.

Mtani na tajiri

Mtu ataniambia mbona kufungwa nyingi kunauma na kucheka kupo. Kupo sana. Simba 5 Yanga 0, Mei 2012. Yanga 5 Simba 1, Novemba 2023. Sijawahi kusikia shabiki wa upande wowote anasema jamani tungeishia tatu. Asubuhi yake Mwanjelwa nzima ni viganja vitano hewani, muuza mitumba anamhesabia mteja vidole, na mteja ananunua.

Hiyo inawezekana kwa sababu ni watani. Utani wenyewe wa asili, kama wa Wahehe na Wangoni waliopigana vita kweli kweli karne ya 19, mtani anakukejeli msibani kwako na huyohuyo ndo anayehangaika na kazi za msiba. Kejeli yake imelipiwa. (Najua kuna siku mashabiki wanapigana, hapo utani umeshaisha, tuite kwa jina lingine.)

Wale watoto wa shule mbili hawakuwa watani. Shule moja imekuja na basi lake na jezi za kufanana mpaka soksi, nyingine nimeshawaambia kuhusu viatu. Nadhani hiki nacho kilikuwa kwenye sauti ya yule binti. Kuachiwa na mtu wa hadhi yako ni jambo moja, kuachiwa na mtu aliyekuzidi tayari kwenye kila kitu kingine ni jambo tofauti. Kiwanjani ndo sehemu pekee siku ile ambapo ringi ilikuwa juu mita zilezile kwa wote.

Mwalimu wao naye alikuwa anawaambia, "Acheni kulia, ni mchezo tu." Namwelewa, alikuwa na watoto wa kuwarudisha nyumbani. Ila Epictetus, mwanafalsafa aliyewahi kuwa mtumwa, alitoa mfano wa mpira ambao naupenda: mpira wenyewe si mzuri wala mbaya, hakuna anayegombania mpira kwa thamani yake, lakini kuurusha na kuudaka vizuri, hapo ndo kila kitu kilipo. Ni mchezo tu, sawa, ndiyo maana unapaswa kuchezwa.

31 kwa 0

Nilisema moyo unagoma, bado unagoma, na mechi inayonisumbua ni ya Coffs Harbour, Australia, tarehe 11 Aprili 2001. Australia 31, Samoa ya Marekani 0. Mchezaji mmoja, Archie Thompson, alifunga magoli 13 peke yake. Samoa ya Marekani wachezaji wao wengi walikwama kwa mambo ya pasipoti, wakaleta vijana wadogo. Golini alikuwa Nicky Salapu.

Hapa nikijiuliza kama Australia wangezuga kidogo sina uhakika ningewalaumu. Wajerumani mwaka 2014 pale Belo Horizonte walikuwa mbele 5 kwa 0 mapumziko dhidi ya Brazil, na Mats Hummels alisema baadaye kwamba walikubaliana warudi wacheze kwa umakini, wasifanye madoido ya kuwadhalilisha. Ikaisha 7 kwa 1. Hilo naliheshimu, ila Brazil ni Brazil, wana kikombe mara tano, hawafi kwa saba. Salapu alikuwa na nini?

Alikuwa na kesho, ndo naona. Novemba 2011 huyo huyo Salapu alikaa golini tena, Samoa ya Marekani wakaifunga Tonga 2 kwa 1, ushindi wao wa kwanza kwenye mechi ya ushindani inayotambuliwa na FIFA. Ushindi huo haukuwa na mpira hata mmoja wa kugawiwa. Na kilichobadilishwa baada ya ile 31 kilikuwa ratiba: timu dhaifu za Oceania zikawekewa hatua yao ya awali, zikianza kwa kukutana zenyewe. Hakuna aliyewafundisha wenye nguvu kukosa.

Benchi

Kikosi cha netiboli kinaruhusiwa watu hadi 12, wanaocheza saba. Kwa hiyo siku ile kulikuwa na mabinti watano wa timu yetu wamekaa kwenye nyasi na masweta yao mechi nzima, 23 kwa 2, hawajagusa mpira. Nilimwambia mwalimu hilo. Kama unataka kuwatunza kina GS, watoe. Ingiza wale watano, waambie wacheze roho iwatoke maana wanatafuta namba, GD wa watu apate mtu wa kumzuia kweli. Tena robo ikiisha unaweza kumhamisha GS akacheze beki ajifunze.

"Wakiingia wale, tukarudishiwa magoli kumi, mzazi gani atanielewa?"

Wacha yarudi.

"Na wakifunga ishirini nyingine?"

Wafunge.

"Dada, wewe unauza fotokopi."

Kuhusu wazazi nilishindwa kumbishia, kwa sababu fainali ya saa tisa tulifungwa kwa goli mbili na niliiona yote. GS wetu alianza kwa kurusha vilevile vya asubuhi, mwili umeshazoea, na alipokuja kuchangamka muda ulikuwa unaelekea ukingoni. Na aliyekuwa anapiga kelele kuliko wote, kasimama kwenye mstari mpaka refa akamrudisha nyuma mara mbili, ni yule baba wa utu. Anafoka hawa watoto wanacheza cheza tu, hawako siriasi, nani kawafundisha hivi.